Injini mpya ya boti: naweza kumalizia rodaje (kuizoesha kazi) uani kabla boti haijakamilika?

Mwana_wa_Nguba
Wakubwa, salamu kutoka Bukavu. Nimepata injini ya boti ya farasi 40, ile ya kuchanganya oili ndani ya esanse (petroli). Mpya kabisa, bado iko kwenye kasha. Boti yenyewe iko kwa seremala, na kila wiki ananiambia wiki ijayo. Fundi mmoja wa mtaani ananishauri tuifunge kwenye pipa la maji hapa uani, ingurume mpaka masaa 10 ya rodaje yaishe, ili boti ikishuka ziwani nianze siku hiyohiyo kubeba watu na mananasi ya kisiwa cha Idjwi. Nimkubalie?

FundiMapacha
Hapana. Kuiwasha kidogo ndani ya pipa uone kama inashika, sawa. Rodaje ni kitu kingine, inataka mzigo. Ringi za pistoni hukaa vizuri kwenye silinda injini inapofanya kazi kweli. Ikinguruma bure kutwa, silinda inakuwa laini kama kioo, ringi hazishiki, buji (plagi) zinajaa masizi. Na esanse umeichoma, kwa bei ya hapa kwetu!

Yaya_Sambaza
Halafu hilo pipa. Moshi wa injini hizi unatokea chini, katikati ya elisi, lile panga linalosukuma boti. Baada ya muda maji yanapata moto na kujaa mafuta, na ndiyo hayohayo pampu inayavuta kupoza injini. Majirani nao watakusema.

Mwana_wa_Nguba
Asante yaya. Basi hata kuijaribu tu nisijaribu? Nataka kujua sikuuziwa chuma.

FundiMapacha
Jaribu, ila nje, si ndani ya gereji, moshi huo unaua. Toa elisi kwanza. Maji ya pipa yafunike kabisa matundu ya kuvutia maji na yapite juu ya lile bamba lililo juu ya elisi. Gia iwe katikati, gesi ya chini kabisa, dakika chache zinatosha. Macho yako yawe kwenye kile kitundu cha pembeni: maji yakichelewa kuchuruzika, zima papo hapo. Ndani ya pampu kuna kigurudumu cha mpira, na kikizunguka pakavu hakichukui hata dakika kuungua. Yaani usivute kamba hata mara moja kabla maji hayajafika.

Mzee_wa_Kituku
Niongeze ya ziwani. Soma kitabu chake kwanza, lakini kwa injini nyingi za aina hiyo wakati wa rodaje ni 25 kwa 1, yaani esanse 25 kwa oili 1: bidoni ya lita 20 unatia mililita 800 za oili ya injini za boti, si ya pikipiki. Rodaje ikiisha unashuka 50 kwa 1, yaani 400. Dakika 10 za kwanza gesi ya chini kabisa. Mpaka saa moja itimie, usipite nusu. Saa ya pili, robo tatu. Masaa nane yaliyobaki tembea kawaida, ila usiifungulie yote zaidi ya dakika tano mfululizo. Na usibebe watu siku hizo, kijana wangu. Mizigo midogo tu.

Ingine: Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Farasi 40 za kwenye karatasi hutazipata zote hapa. Isipofikia mizunguko yake, angalia elisi ambayo mapanga yake yana mkunjo mdogo kabla ya kumlaumu aliyekuuzia.

Mwana_wa_Nguba
Nimeelewa. Fundi nitamwambia asubiri. Sasa boti ya kufanyia hiyo rodaje nitaitoa wapi, na seremala ndiye huyo?

Yaya_Sambaza
Mimi ninayo moja ya kuchukulia sambaza, wale samaki wadogo, kwa wavuvi. Mwezi ukiwa mpevu hawavui, taa zao za kuvutia samaki hazina kazi, na boti inalala pwani siku kadhaa. Njoo na esanse yako, na dereva wangu utamlipa wewe.

Mwana_wa_Nguba
Yaya, nakuandikia pembeni sasa hivi.