Ushauri: Nawaelezaje wanafunzi maboresho ya rada za ndege za kivita za China?

Mwl_Kidato5
Wakuu, heshima kwenu.

Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita. Tangu Pakistan na India zipigane angani Mei 2025, vijana wangu hawana habari nyingine ila J-10C, ndege ya kivita ya China iliyotumiwa na Pakistan. Nimewaahidi kipindi kimoja, dakika 40. Nataka watoke wameelewa kilichobadilika ndani ya pua ya ndege kutoka J-10A hadi C, siyo kukariri kilomita ambazo rada inaona, kwa sababu kila ukurasa una kilomita zake. Nianzie wapi? Na je, kuna picha inayoweza kumwonyesha mwanafunzi kwamba ndege imebadilishiwa rada?

Kipanga_Mweusi
Mwalimu, anzia kwenye hiyo hiyo pua. Wengi wetu tumeziona J-7, ndege za zamani za China, za JWTZ zikipita kwenye gwaride. Itazame moja kwa mbele: pua ni tundu la kuvutia hewa ya injini, na rada imebanwa kwenye ile koni ya katikati. Antena kubwa utaiweka wapi?

J-8 ya kwanza ilikuwa na pua ya namna hiyo. J-8II, iliyoruka mara ya kwanza 1984, ikahamishiwa matundu ya hewa ubavuni ili pua yote iwe ya rada. Nafasi ikapatikana, rada ya kuijaza ikawa shida. Wachina wakaenda kwa Wamarekani, mradi ukaitwa Peace Pearl, J-8II ifungwe rada ya ukoo wa ile ya F-16, ndege ya kivita ya Marekani. Baada ya jeshi la China kuua waandamanaji Tiananmen, Beijing, Juni 1989, Marekani ikausimamisha, na 1990 China ikajitoa. Miaka miwili baadaye wakaanza kupokea ndege za kivita za Su-27 kutoka Urusi, zenye rada ya antena ya kugeuzwa kwa mota. Vijana wasipojua hapo, hawataona ukubwa wa hatua ya kutengeneza nyumbani AESA, rada inayogeuza mwale kwa umeme bila mota, kama ya J-10C.

Fundi_Mawimbi
Historia nzuri mkuu Kipanga, ila itamla mwalimu kipindi chote. Dakika tano zinatosha.

Mwalimu, ingia darasani na beseni la maji. Gusa maji kwa vidole vinne kwa pamoja: wimbi linakwenda mbele moja kwa moja. Sasa gusa kimoja baada ya kingine, haraka, kutoka kushoto kwenda kulia. Wimbi linapinda, linaelekea upande wa kidole kilichogusa mwisho, na mkono wako haujageuka. AESA ndiyo hiyo. Badala ya sahani moja inayozungushwa, kuna mamia ya vijirada vidogo, kila kimoja kinarusha na kupokea, na kompyuta inapanga nani achelewe kiasi gani. Mwale unaruka kutoka shabaha moja hadi nyingine bila kusubiri mota.

Habari ya kilomita iue kwa hesabu. Mwangwi unaorudi hupungua kwa kipeo cha nne cha umbali. Ukitaka kuona mbali mara 2 kwa kuongeza nguvu tu, unahitaji nguvu mara 16. Ukipanua kipenyo cha antena mara 2, mengine yakibaki vilevile, masafa yanakuwa mara 2. Ndiyo maana Kipanga yuko sahihi kuhusu pua. Na shabaha ambayo mwangwi wake ni mdogo mara 16 utaiona kwa nusu ya umbali, kwa hiyo anayekupa kilomita bila kutaja ukubwa wa shabaha hajakupa kitu.

Dada_wa_Anga
Kuhusu picha: weka J-10A na J-10C pamoja. A ina kijiti kirefu cha kupimia mwendo kwenye ncha ya pua, C haina. Halafu J-11B, ndege nyingine ya China, ya zamani yenye pua nyeusi, na J-11BG iliyoboreshwa, pua yake nyeupe-kijivu. Waambie tu rangi ni dalili, siyo ushahidi, maana rangi hupakwa.

Mwl_Kidato5
Shukrani sana. Swali moja ambalo najua litaulizwa: kwa nini wasizifunge AESA ndege zote za zamani mara moja?

Fundi_Mawimbi
Joto, mwalimu. Mamia ya vikuza nguvu vimejazana kwenye sahani moja, na sehemu kubwa ya umeme inaoula inageuka joto. AESA nyingi zinapozwa kwa kimiminika, na ndege ya zamani haina mabomba hayo. Ndiyo sababu mimi naipenda LKF601E, AESA ya taasisi ya Leihua ya China, Wuxi, waliyoionyesha 2018: inapozwa kwa hewa, wakiilenga JF-17, ndege ya China na Pakistan, ili rada ya zamani itoke, mpya iingie, bila kuipasua ndege. Vikuza nguvu vya galiamu naitraidi navyo vinastahimili joto zaidi. Na galiamu duniani karibu yote inatoka China, hupatikana wanaposafisha madini ya aluminiamu. Tangu Agosti 2023 kuiuza nje kunahitaji kibali.

Mwl_Kidato5
Nimejaribu beseni jikoni usiku huu. Vidole vyangu vilikuwa vinachelewa mno, mawimbi yakavurugana. Nikafunga vijiti vinne kwenye rula na kuichovya ikiwa imeinama kidogo, na wimbi likapinda wazi kabisa. Mwanangu wa darasa la sita akaniuliza kama nikiinamisha zaidi litapinda zaidi. Tukapima. Linapinda.