Tupeane uzoefu: programu inayomsaidia mtu kweli

Mwanzisha mada, Himbi (Goma)
Bandugu, wanafunzi wengi wa infomatiki huingia inivasite na hamu ya kutengeneza kitu cha kusaidia watu, halafu hamu inazimika kabla ya kazi ya mwisho wa masomo. Mara nyingi chanzo ni kwamba programu ilikusudiwa "jamii" nzima, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa akiingojea.

Anayetaka hamu idumu aanze na daftari la mtu. Chukua la likelemba (kikundi cha watu wanaochanga pesa na kupokezana kwa zamu): omba ruhusa, soma kurasa kadhaa, tazama hasa yaliyofutwa na yaliyoandikwa pembeni. Huko pembeni utakuta "ameleta nusu" au "amelipiwa na dada yake". Fomu isiyo na nafasi ya maneno hayo itaachwa, na daftari litarudi. Tuambiane: mnajenga vipi, na nini huharibika?

Mwana Kadutu (Bukavu)
Mtandao ndio huharibika kwanza. Kila ingizo liandikwe ndani ya simu kabla ya kitu kingine, SQLite (hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu) inatosha, kisha lipangwe kwenye foleni ya kutumwa.

Usitumie namba za 1, 2, 3 kama kitambulisho. Simu mbili zisizo na intaneti zitatoa namba ileile kwa watu wawili. Simu itengeneze yenyewe UUID, yaani kitambulisho kirefu cha kubahatisha kisichojirudia. Na hapa ndipo wengi wanakosea: seva (kompyuta inayopokea data za simu zote) inaweza kuandika mchango, kisha mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi. Simu inadhani haikufaulu, inatuma tena, mama anaonekana amechanga mara mbili. Seva ikipokea UUID inayoijua, isiandike upya. Ijibu tu "nimeshapata". Jaribio lake ni rahisi: bonyeza "tuma", washa hali ya ndege papo hapo, subiri, izime, kisha hesabu mistari kwenye seva.

Katuba 2 (Lubumbashi)
Naongeza upande wa pesa. Kwetu dola na faranga zinatembea pamoja, kwa hiyo kila kiasi kiwe na safu yake ya sarafu, pamoja na kiwango cha kubadilisha cha siku ileile. Ukikokotoa madeni ya zamani kwa kiwango cha leo, umeyabadilisha, na ugomvi utakuwa wa haki.

Dola hifadhi kwa senti, namba kamili. Ukitumia namba za desimali za kawaida, 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004. Kosa ni dogo, lakini mweka hazina akikuta jumla hazilingani hatakuamini tena.

Saa nazo: Goma, Bukavu na Lubumbashi ziko UTC+2 (masaa mawili mbele ya UTC, saa ya kimataifa), Kinshasa UTC+1. Hifadhi kwa UTC, onyesha kwa Africa/Lubumbashi (jina la eneo la saa kwenye kompyuta). Kwenye ujumbe andika "saa mbili asubuhi (8h00)", maana wapo watakaosoma 2 kama 2h00, yaani saa nane.

Mwana Kadutu
Kweli kabisa. Na ujumbe wenyewe una mtego. SMS moja inabeba herufi 160, ila ukiweka apostrofi iliyopinda katika "ng’ombe", inashuka hadi 70 na gharama inapanda. Tumia ile iliyonyooka. Kwa Kifaransa, é, è na à hazina shida. Ê, ô na ç ndogo zinashusha.

Dada wa fishi (Goma)
Kwa wanaotengenezea vituo vya afya: namba ya simu si mtu. Simu moja inatumiwa na nyumba nzima, kwa hiyo usiifanye ufunguo wa fishi (kadi ya mgonjwa). Weka sehemu tatu za majina (jina, postnom yaani jina la pili, prénom yaani jina kama la ubatizo), na kwa umri ruhusu "makadirio", la sivyo mwandikaji atajaza 1 Januari kwa kila asiyejua tarehe, na huwezi tena kutenganisha kweli na kisio.

Ujumbe wa ukumbusho usitaje ugonjwa wala dawa. "Unaombwa kufika kesho" inatosha. Jirani au shemeji anaweza kuusoma kwanza, na madhara yake hayafutiki kwa kusahihisha programu.

Mwanzisha mada
Asante, Dada. Wakati wa kujaribu, mpe mtumiaji simu, mwambie kazi moja ("andika mchango wa leo"), kisha nyamaza. Pale kidole kinaposita, badilisha hapo. Na kila mwisho wa mkutano programu itoe muhtasari wa ukurasa mmoja wa kuchapisha au kunakili, ili simu ikiibwa hesabu iendelee kwenye daftari siku hiyohiyo.