MREJESHO: Kadi ya Wametis ya wanangu

Wakuu, asanteni. Niliuliza nianzie wapi kuwatafutia wanangu kadi ya uanachama wa Wametis (jamii yenye asili ya mchanganyiko wa Wazungu na wenyeji wa asili wa Kanada) hapa Manitoba, Kanada. Mimi Mtanzania, baba yao ndiye Mmetis.

Hela ya kipimo cha DNA nimeokoa, kinachotakiwa ni karatasi za ukoo. Cheti kifupi cha kuzaliwa nimekiweka kando, nikaagiza kile kirefu chenye majina ya wazazi. Shughuli ilikuwa bibi wa babu yao: jina lake la Kifaransa limeandikwa namna tatu! Tukampata kwenye rejista ya ubatizo ya parokia ya Saint-Boniface, kisha sensa ya 1870 ya Red River, makazi ya zamani ya Wametis hapa Manitoba. Baba mkwe alipoliona alinyamaza kimya, halafu akaomba chai.

Fomu bado, nasubiri sahihi ya baba watoto, yuko safarini.