Nifume nini siku ambazo mwili umegoma na kichwa hakishiki hesabu?

tanzi84
Habari zenu wadau, poleni na majukumu. Mi nina lupus (ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe), huu mwaka wa sita, na kufuma ndo kitu kimoja ambacho ugonjwa ulikuwa haujanipora mpaka mwaka huu. Nilianza sweta lenye misuko kifuani, ile inayopishana kama nywele za kusuka, kipindi niko vizuri kabisa. Vitanzi 84. Nimefika mstari wa 37 ugonjwa ukaamka, nikakaa wiki tatu sijagusa, kurudi sijui niko wapi kwenye pateni, nahesabu napata 84, narudia napata 83, narudia tena 86, nikasema basi hapa hamna mtu. Nishafumua mara tatu. Ya tatu nilikuwa nafumua huku nalia, mume wangu akaja akazichukua sindano akaenda kuziweka juu ya kabati, kama mtu anavyowaficha watoto dawa.

Asubuhi vidole vimekaza, mchana uchovu ule ambao hata ulale hauishi, halafu kichwa ukungu mtupu. Kila mtu ananiambia "fuma vitu rahisi vya wanaoanza". Jamani nafuma mwaka wa 15 huu, siyo kwamba sijui. Na hivo vya wanaoanza vyenyewe nimeviangalia, eti kofia rahisi, halafu ukifika utosini unatakiwa ugawe vitanzi kwenye sindano nne na uanze kupunguza kila baada ya vitanzi kadhaa. Hiyo rahisi kwa nani? Nisaidieni, nifume nini, na sindano za aina gani maana za chuma nilizonazo siku hizi zinaniuma mkononi.

bibi_wa_nyuzi
Pole sana mwanangu. Mi nina baridi yabisi tangu watoto wangu wako shule ya msingi, sasa nina wajukuu, kwa hiyo hilo sweta lako nimelifuma na kulifumua mara nyingi kuliko wewe.

Kosa ni hilo neno rahisi. Rahisi ya mwanafunzi na rahisi ya mgonjwa siyo kitu kimoja. Mwanafunzi hajui mkono uende wapi ila kichwa chake kizima anaweza kuhesabu. Wewe mikono inajua yenyewe ila kumbukumbu imekwenda likizo. Kwa hiyo usiulize kazi ni ya ngazi gani, uliza hivi: nikiitupa katikati ya mstari leo, nikairudia baada ya wiki mbili, nitaweza kuendelea bila kusoma chochote? Kama jibu hapana hiyo ni ya siku nzuri tu, hata iwe ya wanaoanza.

Mi siku mbaya nafuma kitambaa cha mraba kinachoanzia kwenye kona. Unaanza na vitanzi 4. Kila mstari unafuma viwili, unazungusha uzi kwenye sindano mara moja, unafuma pleni (kitanzi cha kawaida) mpaka mwisho. Basi. Hakuna pali (kitanzi cha kinyume), hakuna mbele wala nyuma, mstari wa 5 na wa 50 ni ule ule, kinaongezeka kitanzi kimoja kila mstari na pembeni panatoka vitobo vya urembo. Ukifika kama 45 hivi, au ukiona upana umekutosha, unaanza kurudi: fuma kimoja, fuma viwili pamoja, zungusha uzi, fuma viwili pamoja tena, halafu pleni mpaka mwisho. Unashuka hivo hivo mpaka vibaki 4, unafunga. Yani kazi nzima ni sentensi mbili na ya pili huihitaji mpaka umefika nusu. Ukitaka liwe blanketi la mtoto unaendelea tu kupanua. Na kuhesabu siyo lazima, pima kidonge cha uzi kwenye mizani kabla hujaanza, ukitumia karibu nusu unageuza.

Kitu kingine, ukisinzia katikati ya mstari (utasinzia), ukiamka angalia uzi unaotoka kwenye kidonge umeshika sindano ipi. Hiyo ndo ya mkono wa kulia. Mi nilikuwa naokota tu naendelea, nikaja kugundua nimefuma kurudi nilikotoka, kitambaa kina upande mmoja umepanda kama kilima.

mkono_wa_kushoto
Kwenye sindano: mbao au mianzi, chuma kinakuwa cha baridi na kinateleza, vitanzi vikitoka vyenyewe siku ya ukungu utalia tena. Chukua zile mbili zilizounganishwa na waya katikati hata kama unafuma kitu cha bapa, uzito wa kazi unalala mapajani badala ya kuning'inia kwenye viganja.

Na asikudanganye mtu kwamba sindano nene ndo nzuri kwa viungo. Nilinunua za milimita 12 nikaona blanketi litaisha haraka, siku ya pili sikuweza kufungua mlango, maana kila kitanzi mkono mzima unajipinda. Milimita 5 au 6 zinatosha. Pamba tupu nayo acha, haivutiki, vidole ndo vinafanya kazi ya kuvuta. Sufu au akriliki laini. Rangi ya kung'aa, siyo nyeusi siyo bluu ya giza, na usinunue zile nyuzi za manyoya manyoya, kufumua kwake ni adhabu.

kroshia_tu
Mi ntasema tofauti kidogo, hamia kroshia, kufuma kwa ndoano moja. Unashika kitanzi kimoja tu muda wote, ukiidondosha unapoteza kimoja siyo 84. Halafu samahani bibi, vile vitambaa vya kona nilifuma 9 mwezi mmoja nikiwa kitandani, nikavichukia mpaka leo, kuboreka nako kunauma.

bibi_wa_nyuzi
Hahaha umenikamata mjukuu wangu, ni kweli vinachosha. Mi nabadilisha rangi kila nikiona usingizi, ama nanunua zile nyuzi zinazojibadilisha rangi zenyewe, unafuma mstari mmoja zaidi ili uone njano itaingia lini. Ila kroshia kwangu hapana, kile kifundo cha mkono kinavozunguka kila mara kinaniua. Ajaribu mwenyewe aone mwili wake unasemaje.

ukungu_kichwani
Jamani kabla hajatupa sweta. tanzi84 usilifumue tena! Chukua uzi mwembamba laini wa rangi nyingine, hata ule wa kusafishia meno, upitishe kwa sindano butu ndani ya vitanzi vyote vya mstari ambao una uhakika nao, uache humo humo. Ukikosea mbele huko unafumua mpaka kwenye huo uzi na vitanzi vyote viko vimekaa vinakusubiri. Mi naweka kila baada ya mistari 10. Na kwa misuko weka pini ya nguo kila mwanzo na mwisho wa msuko, ili uhesabu vitanzi 8 au 12, siyo 84 kwa mpigo.

Halafu siku nzuri usiitumie yote kufuma!! Hilo ndo kosa langu kubwa, nikipata nafuu nakaa masaa manne nalipa fidia ya wiki nzima, kesho yake nimelala chali. Naweka alarm dakika 15, ikilia naweka chini hata kama zimebaki vitanzi vitatu. (Uongo, vitatu namalizia.) Na hivo vidole kama vinavimba au vinabadilika rangi ukiwa kwenye baridi mwambie daktari wako, usitulize kwa kubadilisha sindano peke yake.

tanzi84
Nimerudi, samahani nilichelewa, wiki mbili hizi zilikuwa mbaya. Nilimwomba mume wangu ateremshe mfuko juu ya kabati, akauliza mara mbili kama nina uhakika. Sindano za mianzi nimepata, milimita 5 na nusu, uzi wa chungwa mwanga. Niko kitanzi cha 31 cha kitambaa cha kona. Jumanne nilisinzia katikati kabisa, nikaamka uzi uko sindano ya kushoto kwangu, nikakumbuka maneno ya bibi nikageuza kazi. Mara ya kwanza miezi mitano sijafumua kitu.

Kroshia nimejaribu jioni moja, bega likakataa.

Sweta nimelipitishia uzi wa meno mstari wa 30, ule ambao msuko unapishana kwa hiyo nina uhakika nao, na ile mistari 7 ya juu nimeifumua mwenyewe bila kulia. Nimefunga karatasi nimeandika UMEISHIA HAPA, UNAOFUATA NI WA 31. Liko kwenye mfuko wa peke yake.

Swali moja bado, pembeni pa kitambaa upande mmoja vitobo vikubwa kuliko mwingine. Nimekosea au ni kukaza?

bibi_wa_nyuzi
Ni kukaza mwanangu. Siku vidole vimevimba unakaza, siku vimetulia unalegeza, mi vitambaa vyangu vyote viko hivo. Kioshe ukilaze bapa ukivute pembe, kitakaa sawa.