Nusu eka, mahindi yanaisha mapema na mtoto hana uzito. Nipande nini?

mama_luanda
Habari zenu. Niko Vihiga karibu na soko ya Luanda, shamba yetu ni nusu eka na miaka yote tumepanda mahindi tu, maharagwe kidogo pembeni. Tunavuna mwezi wa nane, ikifika wa nne tunanunua gorogoro (ule mkebe wa kupimia mahindi) moja moja. Juzi nimepeleka msichana wangu wa mwaka moja na nusu kliniki, nesi akamfunga ile tepe ya mkono ikasoma manjano, sentimita 12, yaani utapiamlo wa wastani. Nilishtuka juu huyu mtoto hajawahi kulala njaa, asubuhi uji, mchana na jioni ugali na sukuma. Nesi akasema tumbo inajaa lakini mwili haupati. Sasa nifanye aje nisikose unga na mtoto pia apate chakula ya maana? Na kayongo, ile gugu ya striga inayonyonya mizizi ya mahindi, imeingia upande wa chini, maua ya zambarau kila mahali.

nyar_dunga
Pole sana dada. Usikose tarehe ya kurudi kliniki, manjano inatibika vizuri ukiwahi. Huku Kisumu sisi tunategemea omena (dagaa), osha uondoe mchanga, kausha kabisa, kaanga bila mafuta halafu twanga iwe unga, kijiko kimoja kwa uji wa mtoto uwe unakoroga vizuri. Omena unakula na mifupa yake kwa hivyo kalsiamu iko humo pamoja na protini. Halafu hapo karibu na jikoni toa hata hatua kumi kwa nne upande mboga za kienyeji, managu, saga, kunde na mrenda, ndani ya wiki tano hivi unaanza kuchuma. Tafadhali usichemshe managu masaa mawili halafu umwage maji, na ile munyu ya majivu ya kulainisha mboga punguza, inaua vitamini. Weka mafuta kidogo ama maziwa. Na chai isikuje pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, mpe baada ya saa moja hivi ama umwache tu na maji.

mkulima_butere
Kayongo niliipigana nayo miaka sita, nang'oa inarudi, kumbe mbegu zake zinakaa kwa udongo zaidi ya miaka kumi. Kilichonisaidia ni desmodiamu (mmea wa lishe ya mifugo unaotambaa) katikati ya mistari ya mahindi na nyasi ya nepia kuzunguka shamba, hii mbinu ilitoka kwa watafiti wa ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita. Mizizi ya desmodiamu inaidanganya kayongo imee halafu inakufa kwa kukosa pa kushika, na harufu yake inafukuza nondo wa funza wa mabua, wanaenda kutaga kwa nepia. Msimu wa kwanza utachoka kupalilia maana inakua polepole sana, usikate tamaa hapo. Maharagwe unaweza kuyaweka shimo moja na mahindi. Ile sehemu iliyoharibika kabisa weka viazi vitamu vya rangi ya chungwa, Kabode ama Vitaa, kayongo haivigusi na vina vitamini A ambayo mahindi meupe hayana.

njoro_shambani
Mimi niko Nakuru, nakubaliana na wote lakini mama hebu angalia stoo kwanza. Watu wengi wanasema shamba ni ndogo kumbe fukusi wamekula gunia mbili. Chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa dakika mbili hivi uache itulie, chumvi ikishika ukuta wa chupa rudisha mahindi juani. Yakikauka weka kwa gunia lisilopitisha hewa. Yaliyoota ukungu mtoto asiguse kamwe, ile sumukuvu ya 2004 kule Makueni na Kitui iliua watu 125.

mama_luanda
Asanteni sana, nimesoma zote na mzee wangu akiwa hapa. Chumvi imeshika!! na hayo mahindi tulikuwa tumefunga tayari, kesho yote yanarudi kwa turubai. Omena nimenunua ya 100 nimeikaanga sasa hivi. @mkulima_butere, vikonyo vya viazi nikipata sasa nitavifichaje kiangazi visikauke?

mkulima_butere
Panda kitanda kidogo chini ya migomba pale mnapomwaga maji ya kuosha vyombo, jioni jioni umwagilie. Mvua ikianza kata vipande vya shibiri moja na nusu, na ukikosa nitafute kwa PM, nikikuja soko ya Luanda nakubebea mzigo.