Tupeane uzoefu: Vitabu vya mahujaji, msomaji hukwamia wapi na atokeje

Kurasa Mia (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Nyuzi za vitabu vya kiroho nyingi huishia "kitabu hiki kilinigusa sana", halafu mtu akienda kukitafuta anarudi na toleo lililokatwakatwa au juzuu isiyo yake, na hafiki mbali. Hapa tufanye kazi kidogo. Taja kitabu cha hija au cha mtu aliyemtafuta Mungu, sema wasomaji hukwamia wapi, kwa nini, na pa kupitia. Habari za "mimi nilipokuwa chuo" zina uzi wake. Dini zote karibu. Ubishi wa dini ipi ya kweli, hapana.

Naanza na Ibn Battuta, msafiri Mwislamu wa Morocco, maana ametuandika hata sisi wa pwani. Aliondoka Tangier mwaka 1325, kijana wa miaka 21, nia yake kuhiji. Akarudi Morocco mwaka 1349. Tatizo la kwanza la msomaji ni kudhani anasoma shajara. Siyo. Alisimulia kwa kumbukumbu alipokwisha kurudi, kwa amri ya Sultani Abu Inan, na aliyeandika ni mwanazuoni Ibn Juzayy, kazi ikaisha kati ya 1355 na 1356. Ndiyo maana tarehe hugongana na njia hurudi nyuma pasipo maelezo. Ukijaribu kuipanga safari yote juu ya ramani siku kwa siku utachoka bure.

La pili ni zito zaidi: maelezo mengi ya Makka, Madina na Damascus yamechukuliwa kutoka kwa Ibn Jubayr, hujaji wa Andalusia aliyesafiri 1183 hadi 1185. Yaani unapodhani unaona Makka ya karne ya 14, mara nyingi unaonyeshwa ya karne ya 12. Weka vitabu viwili mezani, soma sehemu ya Haram, yaani msikiti mkuu wa Makka, kwa Ibn Jubayr kwanza, kisha utaona wapi Ibn Battuta anaongeza lake.

Kuhusu matoleo ya Kiingereza: tafsiri ya H.A.R. Gibb ya 1929 ni teuzi tu. Kamili ni juzuu nne za Hakluyt Society, ya kwanza 1958 na ya nne 1994. Pwani yetu imo juzuu ya pili, ya 1962. Usinunue ya kwanza ukitafuta Kilwa.

Mwambao

Mtoa mada umegusa penyewe. Niongeze juu ya hizo kurasa za pwani, maana ni chache na watu huzipita mbio.

Mogadishu anaeleza chakula: wali wa samli, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi na embe. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Anasema watu wanakula ndizi na samaki, nafaka inaletwa kutoka Sawahil, misikiti ni ya mbao, na kila mlango wa msikiti una kisima kimoja au viwili na kata ya mti yenye mpini mrefu. Unaosha miguu, unaifuta kwenye mkeka mzito, unaingia. Kilwa anamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake.

Pa kukwama: anaandika kwamba kati ya Mombasa na nchi ya Sawahil ni mwendo wa siku mbili baharini. Mtu wa Likoni akisoma hapo anafunga kitabu. Usifunge. Ama kumbukumbu imeteleza baada ya miaka zaidi ya 20, ama kwake Sawahil ni kipande kingine cha pwani, si bara iliyo ng'ambo ya kivuko. Kosa kama hilo ndilo linalokuonyesha jinsi kitabu kilivyoundwa.

Halafu, kwa asiye Mwislamu hasa: kabla ya kitabu chochote cha hija ya Makka, soma kijitabu cha manasiki, yaani utaratibu wa ibada za hija, saa moja inatosha. Kariri hesabu. Tawafu, kuizunguka Kaaba, ni mizunguko 7. Sa'i ni safari 7 kati ya Safa na Marwa, kwenda moja na kurudi ni ya pili, kwa hiyo unaanzia Safa na kumalizia Marwa. Arafa ni tarehe 9 Mfunguo Tatu. Vijiwe vya kurusha kwenye nguzo ni 7 siku ya Idi, kisha 21 kila siku: 49 kwa anayeondoka tarehe 12, na 70 kwa anayebaki mpaka 13. Waandishi wa zamani hawaelezi haya kwa sababu msomaji wao alikuwa anayajua. Ukiwa huyajui, unaona mtu anazunguka tu.

Tasbihi ya Fundo

Mimi naleta kitabu cha Kirusi cha hujaji asiye na jina (kwa Kiingereza The Way of a Pilgrim), kilichochapwa Kazan miaka ya 1880. Msimulizi ana miaka 33, mkono wa kushoto umepooza, begani ana mfuko wa mkate mkavu na Biblia. Kanisani anasikia "ombeni bila kukoma", 1 Wathesalonike 5:17, na anaanza kuuliza: kivipi?

Mzee wa kiroho anampa sala fupi ya jina la Yesu na idadi: 3,000 kwa siku, kisha 6,000, kisha 12,000. Hapo ndipo wasomaji wanapoharibu. Tupige hesabu. Kwa sekunde 3 kila sala, 3,000 ni saa mbili na nusu. 6,000 ni saa tano. 12,000 ni saa kumi, yaani mizunguko 120 ya kamba ya sala yenye fundo 100. Hujaji aliweza kwa sababu kiangazi kile aliajiriwa kulinda bustani ya mboga, peke yake kibandani. Na mzee alikuwa karibu, anamwendea na kumweleza kila linalomtokea. Mtu mwenye duka Kariakoo akiichukua namba bila kibanda na bila mzee, siku ya tatu anaacha sala na kitabu.

Pili ni lile fundisho la kufuatanisha sala na pumzi na mapigo ya moyo. Kitabu chenyewe kinaweka msimamizi mbele yake. Usiige kutoka kwenye ukurasa. Makanisa ya Kiorthodoksi chini ya Patriaki wa Aleksandria yapo Kenya, Uganda na Tanzania, hata Kagera, muulize padri. Sala yenyewe kwa Kiswahili ni "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi".

Tatu ni fedha. Hujaji ananunua Filokalia kuukuu kwa rubli mbili, na msomaji naye anataka yake. Filokalia ni mkusanyo wa maandiko ya mababa uliochapwa Venice mwaka 1782. Wengi hununua juzuu ya 1 ya Kiingereza, wanakuta maandiko magumu ya watawa wa jangwani, wanaishia hapo. Ndani ya hadithi, mzee aliyekwisha kufa anamtokea hujaji ndotoni na kumpa utaratibu kwa asiye msomi: kwanza Nikephoros, kisha Gregory wa Sinai ukiacha zile sura fupi, kisha Symeon Mwanateolojia Mpya, kisha Kallistos na Ignatios. Katika tafsiri ya Palmer, Sherrard na Ware, watatu wa kwanza wote wamo juzuu ya 4, iliyotoka 1995. Anza na hiyo.

Dada Msomaji

@Tasbihi ya Fundo, asante kaka. Je, kile kitabu cha pili kinachouzwa pamoja nacho ni lazima?

Tasbihi ya Fundo

Si lazima, dada. Masimulizi ya awali ni manne. Mengine matatu yalitoka 1911, nayo ni mazungumzo zaidi kuliko safari. Ukiona kasi imepungua ghafla, umevuka mpaka huo. Simama hapo, hukupoteza kitu kikubwa.

Mzee Kengele

Naingia na kitabu cha Mwingereza John Bunyan, The Pilgrim's Progress, maana hiki kimekaa kwenye makabati ya misheni miaka mingi na wanaokimaliza ni wachache. Sehemu ya kwanza 1678, ya pili 1684. Mwandishi alikaa gerezani Bedford miaka 12 kwa kuhubiri bila kibali. Isabel Hofmeyr, aliyefuatilia safari ya kitabu hiki barani, anahesabu lugha takriban 80 za Afrika, Kiswahili kikiwamo.

Kosa kubwa: msomaji anajua mhusika mkuu, aitwaye Mkristo, ana mzigo mgongoni, kwa hiyo anasubiri uanguke mwishoni. Unaanguka mapema mno, msalabani, hata hajaupanda ule mlima mgumu. Baada ya hapo wengi wanaona hadithi imekwisha na zinabaki hotuba. Dawa ni kuacha kuufuata mzigo, fuata hati. Palepale msalabani anapewa hati yenye muhuri. Anaipoteza alipolala kwenye kibanda cha kupumzikia katikati ya mlima, anarudi kuitafuta, na mwisho wa safari ndiyo anayoikabidhi langoni. Msafiri mwingine, aitwaye Ujinga, anafika mlango uleule, anaulizwa hati, hana, anapelekwa motoni kutoka mlangoni pa mbingu. Usipoifuata hati tangu mwanzo, mwisho ule utauona ukatili usio na sababu.

La pili: Bunyan hakugawa sura. Sura mnazoziona ni za wachapishaji wa baadaye, kila mmoja na zake. Kwenye kikundi cha kusoma mkisema "wiki hii sura ya 5", watatu watasoma vitu vitatu. Gaweni kwa mahali: kinamasi, nyumba ya Mfasiri, msalaba, mlima, bonde, Soko la Ubatili, ngome ya Shaka, mto. Majina nayo hubadilika kutoka tafsiri moja hadi nyingine. Andikeni orodha yenu siku ya kwanza.

Pale ngome ya Shaka msipite haraka. Mkristo na mwenzake wamefungwa tangu Jumatano asubuhi mpaka Jumamosi usiku, na ufunguo uitwao Ahadi ulikuwa kifuani mwa Mkristo siku zote hizo.

Na matoleo ya watoto karibu yote huacha sehemu ya pili, safari ya mke wa Mkristo na wanawe wanne. Hasara kweli. Pale njia ni ileile lakini wanakwenda kundi, wana kiongozi, wanapumzika, wanaoana. Kwa maoni yangu kwa jamii zetu ile ndiyo iliyofaa kuanza.

Hudihudi

Naleta al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, na kitabu chake kidogo cha kujiokoa na upotofu. Rajabu 488, yaani 1095, ni mwalimu mkuu wa chuo cha Nizamiyya, Baghdad, ulimi unafungika, hawezi kufundisha. Karibu miezi sita anavutwa huku na huku, kisha anaondoka. Anatangaza anakwenda Makka, moyoni amekusudia Shamu (Syria), ili asizuiwe.

Watu huenda moja kwa moja kwenye kurasa hizo na kuruka zilizotangulia. Ukiruka, hujui kwa nini anaondoka. Amewapanga watafutaji makundi manne: wanakalamu (wanateolojia), wanafalsafa, Batiniyya (wanaomfuata imamu asiyekosea) na Masufi. Kila kundi anasema lina nini na linapungukiwa na nini, na safari ni matokeo ya hesabu hiyo. Na yeye pia si shajara: amekiandika baada ya kurudi kufundisha Nishapur mwaka 499, karibu miaka 11 baadaye.

Tafsiri ya Montgomery Watt ya 1953 ina vitabu viwili kwenye jalada moja. Cha pili ni ratiba ya mwabudu tangu kuamka mpaka kulala. Usikitupe, ndicho kinachojibu "sasa nifanye nini?". Anayetaka hija yenyewe kwa Ghazali atafute kitabu cha 7 kati ya vile 40 vya Ihya, kitabu chake kikubwa, si humu.

Kwa Attar, mshairi wa Kiajemi, na utenzi wake wa ndege (Mantiq al-Tayr) nitasema kidogo. Ndege wanamwendea mfalme wao Simurgh wakiongozwa na hudihudi, na kila mtu anataka yale mabonde saba. Yamekaa mwishoni. Kabla yake kuna nyudhuru: bulibuli ana waridi lake, mwingine ana vito, mwingine ana bwawa. Soma udhuru mmoja kwa siku pamoja na hadithi inayoufuata, usisome mfululizo, maana muundo unajirudia kwa makusudi.

Dada Msomaji

Hakuna aliyemtaja Malcolm X, yule kiongozi Mwislamu wa Wamarekani weusi? Alihiji Aprili 1964, na Oktoba mwaka huohuo akapita Dar es Salaam.

Kitabu cha maisha yake kina mtego mmoja. Kimesimuliwa kwa Alex Haley kwa muda mrefu, na katikati ya kazi msimulizi akabadilika. Alitaka kurudi kuyarekebisha aliyosema mwanzoni juu ya Elijah Muhammad, kiongozi wake wa zamani, Haley akamshawishi ayaache. Kwa hiyo sura za mwanzo ni sauti ya kabla ya Makka. Anayenukuu sentensi kutoka sura ya 10 na kusema "huu ndio msimamo wake wa mwisho" amekosea. Sura ya Makka ni ya 17. Anza na hitimisho refu la Haley, ingawa liko nyuma ya kitabu, ndipo urudi ukurasa wa kwanza. Mkataba wa hao wawili umeelezwa humo. Kitabu kilitoka 1965, msimulizi alikwisha kuuawa Februari.

Kurasa Mia (mtoa mada)

Dada umemaliza vizuri hapo. Nami naongeza Egeria, mwanamke Mkristo wa karne ya 4 aliyezuru Sinai na Yerusalemu. Anayefungua atadhani nakala yake imechanwa: habari inaanzia njiani kuelekea Sinai bila utangulizi, na mwisho haupo. Haikuchanwa dukani. Hati kuu iliyobaki ilipatikana Arezzo, Italia, mwaka 1884 ikiwa imekatika pande zote mbili. Sehemu ya pili ni ibada za Yerusalemu, saa kwa saa, na wenye kuipenda ni watu wa liturujia. Wengine someni ya kwanza muachie hapo.

Mwenye vitabu vya Kihindu au Kibuddha alete, uzi uko wazi.