Ninaomba ushauri: sola au jenereta kwa duka la samaki Mbagala?

Muuza Samaki
Wanajukwaa, ninawasalimu. Nina duka la samaki Rangi Tatu lenye friza mbili za kufungulia juu. Kila umeme unapokatika ninawasha jenereta ya petroli, ambayo inakula faida na kujaza moshi kibarazani wanaposubiri wateja. Ninataka kuweka sola, lakini katika makadirio niliyopewa betri peke yake zinakaribia nusu ya gharama yote, na ndugu yangu ananishauri nisubiri kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere limeanza kuzalisha umeme. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Mzee wa Kigamboni
Ndugu yangu, bwawa lile la Mto Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, nami ninalifurahia kwa dhati, kwa sababu kwa miaka mingi tumeegemea mno gesi ya Songo Songo na Mtwara. Hata hivyo, wingi wa umeme bwawani hauzuii transfoma ya mtaani kuungua wala nguzo kuanguka wakati wa masika. Usisubiri.

Fundi Sola Temeke
Kabla ya kuzungumzia bei, pima matumizi. Zima vifaa vingine vyote, acha friza tu, soma uniti zilizobaki kwenye luku, kisha usome tena baada ya saa 24. Tuseme umepata uniti tatu: hapa Dar, paneli za kilowati moja hutoa takribani uniti nne siku ya jua zuri, lakini mawingu ya Machi hadi Mei hupunguza sana, kwa hiyo ningefunga kilowati moja na nusu. Zielekezwe kaskazini, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, na ziinamishwe kiasi ili mvua ioshe vumbi. Kama kuna mwembe jirani, angalia kivuli chake asubuhi na jioni, maana kivuli cha tawi moja kwenye paneli moja kinaweza kushusha umeme wa paneli zote zilizounganishwa nayo kwa mfululizo. Inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uweze kuendesha friza, isiwe ya uwezo wa kubana, kwa sababu kompresa ya friza inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishatulia.

Mama Barafu
Mdogo wangu, mimi ningepunguza betri na kuhifadhi baridi yenyewe. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huweza kukaa na barafu hadi saa 48, na iliyojaa nusu takribani 24. Kwa joto letu hesabu pungufu. Jaza nafasi zote kwa chupa za maji ya chumvi, ukiacha upenyo ndani ya kila chupa kwa sababu maji hutanuka yakiganda. Mchana acha friza zigandishe kwa nguvu ya jua, usiku zifunge.

Muuza Samaki
Ninawashukuru sana. Jioni ndiyo saa yangu ya kuuza, mfuniko unafunguliwa kila mara. Je, hapo betri itaepukika?

Fundi Sola Temeke
Haitaepukika, ila itakuwa ndogo. Friza moja iwe ya akiba na isiguswe jioni. Ya pili, ya kuuzia, ndiyo iwekewe betri ya kuivusha hadi unapofunga duka. Chagua ya lithiamu, kwa sababu betri ya madini ya risasi ukiimaliza kupita nusu kila siku itakufa mapema. Jenereta usiiuze kabla masika ya kwanza hayajapita.

Muuza Samaki
Nimeelewa. Kesho ninaanza kusoma luku, kisha nitaleta hesabu hapa.